Treni ya umeme Dodoma–Dar kwa mama mjamzito: ndani ya behewa raha, kazi iko nje

Kwa mama mjamzito anayetoka Dodoma kwenda Morogoro au Dar es Salaam, treni ya umeme ya SGR (reli ya kisasa) ndiyo ya kufikiria kwanza. Basi linafuata kwa mbali. Ndege ipo na inawahi zaidi, ila ina bei yake na masharti yake. Hilo ndilo jibu fupi kwa anayetaka kukata tiketi leo.

Jibu refu lina mambo. Watu wengi wanaisifu treni hii kwa mbio zake, na kwa mjamzito mbio ni faida ya pili. Faida ya kwanza ni kwamba anaweza kusimama, kunyoosha mgongo na kwenda chooni muda wowote bila kumwomba ruhusa dereva wala kondakta. Udhaifu wa safari hauko relini. Uko kwenye bajaji ya kwenda stesheni, kwenye mstari wa ukaguzi, kwenye kuburuta begi hadi behewani, na kwenye kutafuta usafiri ukishashuka Dar. Mama aliyeipanga vizuri miisho hiyo miwili ya safari anafika akiwa na nguvu. Asiyeipanga anafika miguu imevimba, kisha lawama zote zinaiangukia treni.

Treni yenyewe

Safari za abiria zilianza Juni 14, 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, zikafika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi Agosti 1. Mwendo wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Kilomita zipatazo 460 zinaisha kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi, wakati basi hula saa nane na zaidi kukiwa na foleni. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 31,000 kati ya Dodoma na Dar. Treni za haraka na madaraja ya juu hulipiwa zaidi.

Daraja la kawaida linamtosha mjamzito. Behewa lina kiyoyozi, choo kipo, na njia ya katikati inapitika. Ukiwa na hela ya ziada, usiiweke kwenye daraja la juu. Iweke kwenye teksi ya kukutoa nyumbani hadi stesheni na nyingine ya kukupokea unakoshukia. Hapo ndipo mwili wako utauona msaada.

Angalia pia aina ya treni kabla ya kulipa. Treni ya kawaida husimama stesheni za njiani: Igandu, Gulwe, Kidete, Kilosa, Mkata, Morogoro, Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu. Za haraka huziacha stesheni ndogo. Anayeishi Gongo la Mboto, Ukonga au Chanika asikimbilie treni ya haraka, kwa sababu akishuka Pugu yuko karibu na nyumbani, na akipelekwa hadi katikati ya mji atarudi nyuma kwenye foleni. Hivyohivyo kwa mama wa Mpwapwa: stesheni yake ni Gulwe, hana sababu ya kuja kwanza Dodoma mjini.

Choo na maji

Tunalikazia hili kwa sababu ndilo linaloumiza wanawake wengi safarini na halizungumzwi. Mfuko wa uzazi unapokua unakikandamiza kibofu, kwa hiyo haja ndogo inakuja mara kwa mara. Kwenye basi mama anajua gari halisimami mpaka pale pa kuchimba dawa, tena porini, watu wamejaa. Anachofanya ni kutokunywa maji kuanzia asubuhi. Matokeo yake ni kichwa kuuma, choo kigumu, na tumbo kukaza mara kwa mara hadi adhani uchungu umeanza. Akibana mkojo kwa saa nyingi anajiweka pia kwenye hatari ya UTI, na UTI isiyotibiwa wakati wa ujauzito inaweza kupanda hadi kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati.

Hewa ya Dodoma ni kavu, unapoteza maji bila kuona jasho. Ndani ya treni kiyoyozi nacho kinakausha. Beba lita moja na nusu, unywe mafunda machache kila dakika 15 au 20 badala ya kugugumia nusu chupa kwa mkupuo. Nenda chooni kabla ya kuingia kwenye ukaguzi, halafu tena treni ikishatulia kwenye mwendo. Usisubiri ubanwe. Beba karatasi zako za chooni na kipande cha sabuni, maana hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba vitakuwepo hadi mwisho wa safari.

Unapokata tiketi, chagua au omba kiti cha upande wa njia, mistari minne au mitano kutoka chooni. Ukikaa jirani kabisa na mlango wa choo, harufu na watu kupita havitakuacha upumzike, hasa kama kichefuchefu hakijaisha. Kiti cha dirishani kina mandhari nzuri, milima ya Kilosa na mahandaki yake ni ya kuangalia, lakini kila ukitaka kutoka utamsimamisha jirani, na mwishowe utaona haya na kubaki umekaa.

Namna ya kukaa kwa saa nne

Kiti chochote cha usafiri kimetengenezwa kwa mgongo wa mtu asiye na mimba. Tumbo linavuta mbele, kiuno kinajipinda ndani zaidi, na pale penye bonde la kiuno panabaki wazi bila kuegemea kitu. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Dawa yake ni doti moja ya khanga, huna haja ya kununua mto wa bei. Chukua khanga ya kwanza, ikunje mara mbili kwa urefu, kisha uiviringe kutoka upande mmoja hadi upate gogo laini la unene wa sentimita nane hadi kumi. Kaa, sukuma makalio hadi nyuma kabisa ya kiti, halafu liweke gogo hilo kwenye bonde la kiuno, juu kidogo ya pale mkanda wa sketi ungekaa. Wengi wanaliweka juu mno, katikati ya mgongo, likawasukuma mbele. Jipime hivi: mabega yanagusa kiti bila kujikaza, na unaweza kuvuta pumzi hadi tumboni. Ukijiona kama unatolewa kwenye kiti, gogo ni nene. Lifungue mzunguko mmoja.

Khanga ya pili ina kazi mbili. Mwanzoni jifunike miguu na mabega, kwa sababu baridi ya kiyoyozi huwashtua wanaotoka kwenye jua la nje. Mimba ikishavuka miezi sita, ikunje bapa uiweke chini ya nyonga ya kulia ili mwili uegemee kushoto kidogo. Mfuko wa uzazi ukiwa mzito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, nao uko upande wa kulia wa uti wa mgongo. Ndiyo maana mama akiegemea nyuma kabisa au akilala chali huanza kuona kizunguzungu na jasho jembamba. Akigeukia kushoto hali hurudi.

Miguu isining'inie. Weka begi dogo chini, la kimo cha sentimita 15 hivi, magoti yalingane na nyonga. Usikunje nne.

Kila nusu saa, nyanyua vidole vya miguu juu na kuvishusha mara kumi, kisha zungusha vifundo vya miguu mara kumi kila upande. Kila saa moja simama, utembee hadi mwisho wa behewa na kurudi ukishika migongo ya viti. Treni inapokata kona au inapokaribia stesheni, baki umekaa. Sababu ya kusisitiza hili ni kwamba wakati wa ujauzito damu huganda kirahisi kuliko kawaida, na mtu akikaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, donge la damu linaweza kujitengeneza kwenye mshipa wa mguu. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa jioni, mara nyingi ni kawaida ya ujauzito. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto au mwekundu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Ukifuatiwa na kifua kubana au pumzi kukata, ni dharura.

Soksi za kubana zinasaidia, hasa kwa mwenye mishipa iliyotoka miguuni, mwenye uzito mkubwa au mwenye mapacha. Ziulizie kwenye maduka makubwa ya dawa na ya vifaa tiba. Za mgandamizo mdogo, zilizoandikwa 15–20 mmHg, zinazoishia chini ya goti, zinatosha kwa safari. Pima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu asubuhi kabla mguu haujavimba, ndipo uchague saizi. Zivae kabla ya kushuka kitandani, na ukingo wa juu usiukunje, kwa sababu mkunjo unabana mahali pamoja na kuzuia damu ile unayotaka ipande. Kwa sababu hiyohiyo usitumie soksi za kawaida zenye mpira mkali. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, vua.

Kutoka nyumbani hadi kwenye kiti

Hapa ndipo safari inapoharibika.

Bodaboda tunaikataa kabisa, na zaidi ile ya kukaa upande. Mama anaweza kuanguka akainuka bila hata mchubuko, kumbe kondo la nyuma limeanza kubanduka ndani. Kwa hiyo mjamzito yeyote aliyeanguka au kugongwa tumboni anatakiwa aende kuangaliwa, hata kama haumwi. Bajaji ni nafuu kwa njia ya lami. Kutoka Ilazo, Nzuguni au Kisasa, kama kuna kipande cha vumbi chenye makorongo, mwambie dereva mapema: "Kaka, nina mimba, pita polepole, nitakuongezea." Kaa nyuma kabisa ya kiti, miguu yote miwili chini, mkono mmoja umeshika chuma. Kwa mimba ya miezi saba kwenda juu, teksi ni bora.

Ndani ya teksi funga mkanda, usiuache kwa kuogopa kumbana mtoto. Kipande cha chini kinapita chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, kimegusa mapaja. Kipande cha juu kinapita katikati ya matiti na kuteremkia pembeni mwa tumbo. Mkanda ukipita juu ya tumbo, breki kali inaweza kumuumiza mtoto na kondo la nyuma. Ukikaa mbele, sogeza kiti nyuma.

Stesheni fika mapema, saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka iwe kiwango chako cha chini. Kuna kukaguliwa tiketi na kitambulisho, kuna mizigo kupita kwenye mashine, kuna mwendo hadi kwenye jukwaa. Jina la kwenye tiketi lilingane na la kwenye kitambulisho. Kurudishwa nyuma kwa kosa la jina, ukiwa umesimama nusu saa, ni mateso yasiyo ya lazima.

Wanawake wengi huuliza kama geti la ukaguzi linadhuru mimba. Lile la kupita mtu linatafuta chuma kwa nguvu ndogo ya sumaku, halitoi mionzi ya eksirei, pita bila wasiwasi. Mashine ya mabegi ndiyo yenye eksirei, na imezibwa ili mionzi isitoke nje. Ila usiinamie mdomo wake kuvuta begi.

Mstari ukiwa mrefu, jitambulishe. Mimba ya miezi minne ndani ya dera haionekani, na mlinzi hawezi kukisia. Mwonyeshe kadi ya kliniki, umwambie huwezi kusimama muda mrefu. Watanzania kwa hili hawana shida, tatizo ni kwamba dada zetu wengi wanaona aibu kusema hadi wanapoona giza machoni. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini hapohapo, hata sakafuni. Kukaa sakafuni ni salama kuliko kuanguka.

Mzigo ugawe. Mabegi mawili ya kilo nne au tano yanabebeka kila mkono na mgongo ukabaki wima. Begi moja la kilo 15 linakupinda upande. Lenye magurudumu ni bora zaidi. Usinyanyue kitu kukipandisha kwenye rafu ya juu ya kichwa, mwombe jirani au mhudumu wa behewa. Tumia lifti au ngazi za umeme, na viatu viwe bapa vyenye mkanda wa nyuma. Kandambili huteleza kwenye sakafu zile zinazong'aa.

Upande wa Dar, kumbuka stesheni kuu iko katikati ya mji, karibu na Kamata na Gerezani. Basi lingekushusha Magufuli, Mbezi Luis. Kwa mkazi wa Ilala au Temeke hiyo ni faida kubwa. Kwa mkazi wa Kibamba au Kimara ni foleni nyingine, kwa hiyo achague treni isiyofika jioni. Joto la Dar lina unyevu, na mwili uliozoea Dodoma hulemewa, hivyo vaa nguo nyepesi ya pamba tangu nyumbani na uvue sweta kabla ya kushuka. Usiku lala ndani ya chandarua chenye dawa. Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na Pwani na Morogoro, na malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto. Kama dozi yako ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, imefika wakati wake, imeze kliniki kabla ya kusafiri.

Cha kula

Kula chakula chepesi saa mbili kabla: uji wa uwele au wa ulezi, kiazi kitamu cha kuchemsha, yai lililoiva hadi kiini, ndizi. Chipsi na maandazi yenye mafuta mengi yanaamsha kiungulia, na tumbo tupu linaamsha kichefuchefu, kwa hiyo yote mawili yaepukwe. Njiani tafuna kidogokidogo: karanga za kukaanga, mkate mkavu, kipande cha tangawizi. Ubuyu mweupe usiotiwa rangi na sukari nao unafaa. Zabibu za Dodoma ni tamu, ila zioshe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, sio zile za kwenye ndoo ya mchuuzi. Mayai ya kuchemsha ya stendi yanafaa ukiyamenya mwenyewe na kukataa kachumbari, kwa sababu hujui imeoshwa kwa maji gani. Maziwa yasiyochemshwa na mishkaki yenye damu ndani, hapana.

Udongo wa kula, huu wa vijiti unaouzwa sokoni, usiubebe uwe kiburudisho cha safari. Unazuia madini ya chuma kufyonzwa, na unaweza kuwa na vijidudu na madini yenye sumu. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo mwenye nayo aitaje kliniki, apimwe. Vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, endelea navyo, ila siku ya safari vimeze usiku baada ya chakula, usivichanganye na chai.

Umeme ukikatika

Hili ni doa la treni hii, na Shirika la Reli lenyewe limewahi kutoa taarifa za treni kusimama kwa hitilafu ya umeme tangu miezi ya mwanzo. Kwa abiria wa kawaida ni kero. Kwa mjamzito aliyebeba chupa moja ndogo ya maji, ni shida ya kweli, hasa kipande cha milimani kati ya Kilosa na Gulwe ambako huwezi kushuka ukanunue kitu. Kwa hiyo hesabu safari ya saa nne kama safari ya saa nane: maji ya ziada, chakula cha mara moja zaidi, dawa zako za siku mbili ndani ya begi la mkononi, simu iliyojaa chaji. Treni ikisimama na hewa ikawa nzito, mwambie mhudumu mapema kwamba u mjamzito, lowesha kitambaa uweke shingoni, legeza nguo, egemea kushoto.

Pasipo na reli

Treni inawafaa wa mashariki tu. Anayekwenda Singida, Kondoa hadi Arusha, au Iringa kwa njia ya Mtera, bado ni basi, Stendi Kuu ya Nanenane. Basi nalo lina viti vyake vya kuchagua. Viti vya nyuma ya tairi la nyuma vinarushwa kila tuta, na mabasi mengi injini iko huko, pana joto. Mstari wa mbele kabisa una hatari zaidi gari likigonga. Kaa katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma, mstari wa nne hadi wa saba, upande wa njia, na mkanda umefungwa kama tulivyoeleza. Panda la asubuhi, ufike jua lipo. Kabla ya kulipa muulize wakala gari linasimama wapi kwa ajili ya choo, na ukishapanda mwambie kondakta kwa sauti ya heshima kwamba utahitaji kusimama. Njia ya Iringa ina kona na mlima wa Nyang'oro, mwenye kutapika asile chakula kizito Mtera.

Ndege za kutoka Dodoma kwenda Dar ni za saa moja na kitu. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayapokei mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, na mapacha mapema zaidi. Uliza shirika lako kabla ya kulipa.

Nani asubiri

Wakati mwepesi wa kusafiri ni wiki ya 14 hadi ya 28: kichefuchefu kimepungua, tumbo halijawa zito. Anayetaka kwenda kujifungulia kwao aondoke kabla ya wiki ya 34, apate nafasi ya kuanza kliniki ya huko na kujulikana. Kadi ya kliniki ikae kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku. Kadi hiyo ina kundi la damu, vipimo vya VVU na kaswende, presha na wingi wa damu. Mhudumu wa Morogoro au Kilosa ambaye hajawahi kukuona atakuhudumia kwa kuisoma.

Aliyewahi kutokwa damu katika mimba hii, aliyeambiwa kondo la nyuma limeziba njia, mwenye presha ya mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyeshonwa mlango wa kizazi au aliyewahi kujifungua kabla ya siku, asikate tiketi ya aina yoyote kabla ya kuongea na daktari wake. Siku ya safari, ukiona damu, chupa kupasuka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, tumbo kukaza kwa mpangilio au mtoto kupunguza kucheza, usipande. Ikitokea ukiwa ndani ya treni, mwambie mhudumu wa behewa mara moja ili stesheni inayofuata ijiandae. Namba 115 ya mfumo wa dharura wa M-mama hupigwa bure, na inamhudumia mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga wa chini ya siku 28.

Hizo siku 42 zizingatiwe pia kwenye safari ya kurudi Dodoma. Hatari ya damu kuganda haiishi siku ya kujifungua, tena wiki sita za mwanzo iko juu kuliko wakati wa mimba yenyewe, na aliyefanyiwa upasuaji yuko kwenye hatari zaidi. Soksi, maji na kutembea behewani viendelee vilevile. Aliyepasuliwa asubiri ruhusa ya daktari, asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake, na awe na mtu wa kumshikia mizigo. Mtoto wa chini ya miaka minne halipiwi nauli, kwa hiyo ile hela ya tiketi yake iongeze kwenye teksi.